Kusomea uhandisi wa viwanda ukiwa kijana wa Mombasa: mwongozo kamili

Mhandisi wa mitambo atakueleza kreni inainua tani ngapi. Mhandisi wa viwanda atakueleza kwa nini kreni hiyohiyo, pamoja na nguvu zake zote, imeshinda nusu ya shifti ikingojea lori. Kazi yake ni kutazama watu, mashine, mali, taarifa na muda kwa pamoja, atafute panapokwama, kisha apakwamue bila kumuumiza mfanyakazi na bila kumtia hasara mwenye mali.

Nimewaandikia vijana wa Mombasa na wazazi wao kwa sababu kuna jambo linanisikitisha. Mji huu una kila kitu ambacho taaluma hii inakishughulikia, na bado wengi wa watoto wake hawajawahi kusikia kwamba ipo. Mzigo wa Uganda, Rwanda, Sudan Kusini na mashariki ya Kongo unapita Kilindini. Reli ya SGR, iliyofunguliwa mwaka 2017, inapandisha makontena bara. Changamwe na Shimanzi zimejaa maghala, matangi ya mafuta na viwanda, Bamburi inachoma saruji tangu miaka ya 1950, mafundi wa EPZ, yaani maeneo ya viwanda vya kuuza nje ya nchi, wanashona nguo za kupelekwa ng'ambo, na kila asubuhi maelfu ya watu wa Likoni wanasimama wakingoja feri. Mtoto aliyekulia hapa ameziona foleni hizi tangu utotoni, na chuoni atakuta hesabu zake zimeandikwa.

Hatua ya 1: Hakikisha ndiyo unayoitaka

Watu wengi huichanganya taaluma hii na mbili nyingine. Kuna wanaodhani ni ufundi wa kutengeneza mashine za kiwandani, na kuna wanaodhani ni kozi ya biashara iliyopewa jina zuri. Ukiingia ukitaka kufungua injini utachoka, na ukiingia ukikimbia hesabu utakwama muhula wa kwanza.

Asili yake ni Marekani, mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa ya 20. Frederick Taylor alipima kazi za viwandani kwa saa ya kupimia sekunde. Frank na Lillian Gilbreth walichunguza mienendo ya mikono ya mwashi anapopanga matofali, wakaondoa ile isiyo na faida. Mwaka 1913 Henry Ford alianza kuyatembeza magari mbele ya wafanyakazi badala ya wafanyakazi kuyafuata magari. Mwaka 1924 Walter Shewhart alichora chati ya kwanza ya kudhibiti ubora kwa kutumia takwimu. Baada ya vita vya pili vya dunia, Taiichi Ohno wa Toyota alijenga mfumo wa kutengeneza kile tu kinachohitajika, kwa wakati kinapohitajika.

Kwa mtu wa Mombasa, kisa kinachonigusa zaidi ni cha Malcom McLean, ambaye alikuwa mwenye malori wala hakuwa mhandisi. Aprili 1956 meli yake, Ideal X, iliondoka bandari ya Newark ikiwa na makontena 58. Alikuwa ameona kwamba meli huingiza pesa ikiwa baharini na hula pesa ikiwa imefunga gati, na kwamba muda mwingi ulipotea kwa kubeba gunia moja moja. Kisanduku kile cha chuma kilibadilisha kila bandari duniani, Kilindini ikiwemo, na kikabadilisha pia maisha ya makuli waliokuwa wakibeba magunia hayo mgongoni. Faida na maumivu vilikuja pamoja. Mhandisi wa viwanda anatakiwa kuyaona yote mawili.

Ukitaka kujipima, chukua daftari na saa, nenda mahali penye foleni: dirisha la dawa hospitalini, kituo cha matatu, kinu cha kusaga mahindi. Kaa saa moja. Kila dakika 5 andika wamefika wangapi na wamehudumiwa wangapi, na katikati ya foleni chagua watu 10 uone kila mmoja amengoja muda gani. Kama baada ya saa hiyo umeanza kujiuliza kwa nini dirisha la pili limefungwa wakati foleni ni ndefu, na unataka kurudi kesho kuona kama ndivyo kila siku, basi umefika mahali pako. Kama umechoshwa tu, afadhali ujue sasa kuliko mwaka wa tatu.

Hatua ya 2: Andaa masomo ukiwa bado sekondari

Uhandisi Kenya unasomewa miaka 5. Ili uingie chuo kikuu unahitaji wastani wa C+ katika KCSE, na kwa uhandisi kozi nyingi hutaka angalau C+ katika Hisabati, Fizikia na Kemia kila moja, pamoja na somo la nne. Hicho ni kiwango cha chini tu. KUCCPS, taasisi ya serikali inayogawa nafasi za vyuo, hupanga wanafunzi kwa alama za mchujo zinazohesabiwa juu ya 48, na nafasi za uhandisi hugombewa na wenye alama za juu. Lenga A au B+ katika Hisabati.

Nasisitiza Hisabati kwa sababu moja. Katika matawi mengine ya uhandisi, mwanafunzi dhaifu wa takwimu anaweza kujificha nyuma ya michoro na karakana. Huku hakuna pa kujificha, maana uwezekano na takwimu ndizo zana zako za kila siku. Zile mada za kidato cha tatu na cha nne ambazo walimu wengi huzipitia mbiombio, yaani uwezekano, wastani na mtawanyiko, na ile ya kuchora mistari ili kutafuta faida kubwa zaidi, ndizo utakazokutana nazo tena chuoni zikiwa zimekua.

Mfumo wenyewe unabadilika. Wanafunzi wa mwisho wa 8-4-4 watafanya KCSE mwaka 2027. Aliye katika mtaala mpya achague mkondo wa STEM (sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati) gredi ya 10, na asiiache Fizikia kwa kushawishiwa na marafiki.

Aliyepata alama za chini asikate tamaa. Kwa C- unaingia stashahada ya uhandisi wa mitambo, na baadhi ya vyuo vina mchepuo wa uzalishaji ndani yake. Ukimaliza kwa alama nzuri unaweza kuomba shahada. Njia hii huchukua miaka zaidi, ila anayeipita huingia shahada mikono yake ikiwa tayari inajua mashine.

Hatua ya 3: Chagua kozi kwa kusoma yaliyomo ndani

Hapa ndipo vijana wengi hupotea. Wanatafuta maneno "uhandisi wa viwanda" kwenye orodha ya KUCCPS, wasipoyaona wanahamia kozi nyingine kabisa. Taaluma hii hufundishwa kwa majina mbalimbali, na mara nyingine hukaa ndani ya shahada ya mitambo au ya uzalishaji.

Njia ya wazi zaidi nchini ni Chuo Kikuu cha Moi, Eldoret, chenye shahada ya uhandisi wa viwanda na nguo. Usiogope neno "nguo". Mwaka 2007 chuo hicho kilikinunua kiwanda cha Rivatex, hivyo mwanafunzi ana mashine za kusokota, kufuma na kutia rangi karibu naye. Anayerudi Mombasa na ujuzi huo anakuta viwanda vya kushona nguo vikimsubiri.

Njia ya pili ni kuvuka mpaka. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina shahada ya uhandisi wa viwanda kwa jina lake hasa, nayo ni ya miaka 4. Kwa familia yenye jamaa Tanga au Dar, huko si ugenini. Uliza mapema jinsi KCSE inavyolinganishwa, kwa kuwa wenzetu wana kidato cha tano na cha sita, na uliza Bodi ya Wahandisi wa Kenya, EBK, shahada hiyo itapokelewaje utakaporudi.

Njia ya tatu ni kubaki nyumbani. Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, TUM, pale Tudor, kina historia ndefu: kilianza kama MIOME, taasisi ya elimu ya Waislamu, kikawa Mombasa Polytechnic mwaka 1972, na chuo kikuu kamili mwaka 2013. Kina shahada za mitambo, umeme na ujenzi. Ukichukua mitambo unaweza kujijenga kuwa mhandisi wa viwanda kwa kuchagua vizuri masomo ya hiari, atachimenti (mafunzo ya vitendo kazini) na mradi wa mwisho.

Kozi yoyote unayoifikiria, tafuta orodha ya masomo yake ya miaka yote. Tafuta mambo matano: takwimu na uwezekano, utafiti wa uendeshaji (kwenye ratiba utauona kwa herufi OR), uchunguzi wa kazi pamoja na ulinganifu wa kazi na mwili wa binadamu, udhibiti wa ubora, na upangaji wa uzalishaji. Ukiyakuta manne au matano, hiyo ni kozi ya uhandisi wa viwanda hata ikiitwa jina jingine. Ukiyakuta mawili, ni mitambo, na utalazimika kujazia mwenyewe.

Rai yangu ni hii. Kama alama zinatosha na familia inaweza kukutunza mbali, nenda Moi. Kama kodi ya chumba na nauli ya Eldoret itawavunja wazazi, chukua mitambo TUM, ulale nyumbani, na pesa iliyookolewa inunue kompyuta nzuri. Mwanafunzi wa mitambo aliyeshiba takwimu huajirika popote.

Kabla ya kubonyeza kitufe chochote, hakikisha EBK imeidhinisha shahada hiyohiyo unayoiomba. Chuo kuwa na jina kubwa hakutoshi, kwa sababu uidhinishaji hufanywa kozi kwa kozi. Wapo wahitimu nchini waliomaliza miaka yao yote wakakuta hawawezi kusajiliwa. Mzazi mwenye shaka aandikie bodi, asitosheke na maneno ya mtu wa dawati la usajili.

Hatua ya 4: Maombi na pesa

Maombi ya nafasi za serikali hupitia tovuti ya KUCCPS. Jaza chaguo zako zote, usiache pengo. Panga ile unayoipenda juu, ya kati katikati, na iliyo salama chini, lakini zote ziwe kozi ambazo uko radhi kuzisoma. Dirisha la kubadilisha chaguo likifunguliwa, tazama alama za mchujo za mwaka uliopita.

Kwa karo, omba mkopo wa HELB, bodi ya serikali ya mikopo ya elimu ya juu, mara nafasi inapothibitishwa. Huo ni mkopo wenye riba ya asilimia 4 na utalipwa ukishamaliza, kwa hiyo uchukue kama deni tangu siku ya kwanza. Basari ya kaunti na ya NG-CDF (mfuko wa maendeleo wa eneo bunge) kwa kawaida huhitaji barua ya chifu, nakala za vitambulisho vya wazazi na barua ya kukubaliwa chuoni. Ziandae mapema ndani ya faili moja. Wengi hukosa kwa sababu ya karatasi moja iliyosahaulika.

Hatua ya 5: Miaka miwili ya kwanza

Hii ni miaka ya msingi inayofanana na ya wahandisi wote: kalkulasi, aljebra ya matriki, fizikia, uchoraji wa kihandisi, karakana, sayansi ya nishati joto, nguvu za vifaa. Vumilia. Utajiuliza nishati joto inahusiana nini na foleni, na jibu ni kwamba huwezi kuipangia ratiba tanuri usiyoielewa.

Wakati huohuo jifunze kompyuta kwa bidii, kwa mpangilio huu: kwanza Excel mpaka uwe fundi, kisha Python, lugha ya kuandikia programu, kisha jinsi ya kuchota taarifa kutoka hifadhidata. Programu kubwa za kuigiza viwanda huuzwa ghali, lakini Python ina maktaba ya bure ya SimPy inayokuwezesha kujenga bandari ndogo ndani ya kompyuta yako na kuiendesha usiku kucha.

Hatua ya 6: Moyo wa kozi

Nataka tukae hapa kidogo, kwa sababu mtu akielewa mambo haya mawili ameielewa taaluma.

La kwanza ni foleni. Tuseme lango la ghala la makontena lina uwezo wa kuhudumia malori 20 kwa saa, na malori hufika bila mpangilio maalumu. Katika hesabu rahisi kabisa ya foleni, muda wa wastani ambao lori hutumia, kungoja na kuhudumiwa, ni 1 ukigawanya kwa tofauti kati ya uwezo wa lango na idadi inayofika kwa saa. Yakifika malori 16, tofauti ni 4, na lori hutumia robo saa. Yakifika 18, ni nusu saa. Yakifika 19, ni saa nzima.

Rudia kuisoma hesabu hiyo. Malori yameongezeka kwa chini ya asilimia 20, muda umekuwa mara 4. Lango lingali na nafasi, halijafikia 20, na bado barabara imeziba. Msimamizi asiyejua hili atawafokea makarani kwamba ni wavivu, maana jana walifanya vizuri na kazi iliyoongezeka ni kidogo tu. Mhandisi wa viwanda atamwonyesha kwamba makarani hawana kosa. Lango limekaribia mno kikomo chake, na dawa ni kuyapa malori saa za kufika, au kufungua njia ya pili kwa muda wa msongamano peke yake. Hesabu hizi zilianzishwa na Mdenmaki Agner Erlang mwaka 1909 akichunguza simu za Copenhagen, na hazijazeeka.

Mwenzake ni kanuni aliyoithibitisha John Little mwaka 1961: wastani wa vilivyomo ndani ni sawa na kasi ya kuingia mara muda wa kukaa. Ukihesabu kwamba kwa wastani yadi ina malori 30, na 12 huingia kila saa, basi kila lori hukaa saa 2 na nusu. Huhitaji kumfuata dereva hata mmoja.

La pili ni mstari wa kazi. Chukua meza 5 za kushona shati, kila moja na fundi wake. Muda wa kila meza kwa shati moja ni sekunde 42, 55, 38, 60 na 45. Jumla ni 240. Hata mafundi wengine wawe wepesi vipi, mstari mzima hutoa shati moja kila sekunde 60, yaani mashati 60 kwa saa, kwa sababu meza ya nne ndiyo inayobana. Ufanisi wa mstari ni 240 kugawanya kwa mara 5 ya 60, sawa na asilimia 80.

Mwenye kiwanda anataka zaidi. Akimwajiri fundi mwingine na kumweka meza ya tatu, hapati kitu. Akimweka meza ya nne, meza hiyo inashuka hadi sekunde 30, sasa inayobana ni ya pili yenye 55, na mstari unatoa mashati 65 kwa saa. Amelipa mshahara wa sita kwa mashati 5. Mwanafunzi makini huuliza swali jingine: ndani ya kazi ya meza ya nne kuna kipande gani kinachoweza kuhamishwa? Ukikuta kazi ya sekunde 8, kama kukata nyuzi zilizobaki, inayoweza kufanywa meza ya tatu, ile ya tatu inakuwa 46 na ya nne 52. Unapata mashati 65 yaleyale kwa mafundi 5 walewale, na ufanisi unapanda hadi asilimia 87. Hakuna mashine iliyonunuliwa.

Tena, sekunde hizo hazitoki moja kwa moja kwenye saa. Ukimpima fundi mara nyingi ukapata wastani wa sekunde 40, na ukaona kwamba anashona kwa kasi ya asilimia 110 ya fundi wa kawaida, muda wa kawaida ni sekunde 44. Kisha unaongeza nafasi ya kunywa maji, kujinyoosha na kwenda msalani. Kwa nyongeza ya asilimia 15, muda wa kupangia ni sekunde 50.6. Katika joto la Mombasa la Februari na Machi, ndani ya banda la mabati, nyongeza hiyo ni haki ya mfanyakazi. Mhandisi anayeipunguza ili ripoti ipendeze amepanga uzalishaji wa uongo, na atauona uongo wake saa 9 alasiri watu watakapoishiwa nguvu.

Hatua ya 7: Atachimenti

Anza kutafuta nafasi miezi 5 au 6 kabla. Utahitaji barua ya utambulisho kutoka chuoni, wasifu wa ukurasa mmoja, nakala ya kitambulisho, na bima ya ajali, ambayo kampuni nyingi huidai kabla hujapita getini. Kwa nafasi za bandarini tazama matangazo ya KPA, Mamlaka ya Bandari ya Kenya, lakini usiishie hapo, maana wote wanakimbilia huko. Maghala ya makontena ya Changamwe, Jomvu na Miritini, viwanda vya unga, mafuta ya kupikia, saruji na chuma, na mistari ya nguo ya EPZ vitakufundisha zaidi kwa sababu utaona kazi kuanzia mwanzo hadi mwisho. Hospitali kubwa nayo ni mahali pazuri ambapo hawafiki wanafunzi wa uhandisi. Ukipeleka barua ofisi ya rasilimali watu, jitahidi pia umwone meneja wa uzalishaji umweleze kwa sentensi mbili ungependa kupima nini.

Nenda na viatu vya usalama vyako mwenyewe, helmeti na jaketi la kuakisi. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inakulinda hata wewe mwanafunzi. Ukiambiwa upande mahali bila mkanda, kataa kwa adabu.

Kitabu cha kumbukumbu za kila siku ndicho kitakachokutofautisha. Wengi huandika: "Leo nimejifunza kuhusu mashine ya kufungashia unga." Mkaguzi hawezi kufanya lolote na sentensi hiyo. Andika hivi: "Mashine ya kufungashia namba 2 imesimama mara 7 kati ya saa 2 asubuhi na saa 6 mchana, jumla ya dakika 38. Mara 5 sababu ni mfuko kujikunja mdomoni. Fundi anasema hutokea zaidi wakifungua bunda jipya la mifuko." Ukiandika hivyo wiki 3 mfululizo, tayari una ripoti, na una jambo la kumwambia meneja ambalo yeye mwenyewe hana.

Sasa, kuhusu kupima watu. Saa ya mhandisi imeleta vita viwandani. Mwaka 1911 wafanyakazi wa kiwanda cha silaha cha Watertown, Marekani, waligoma kwa sababu ya vipimo vya mtindo wa Taylor. Mombasa nayo ina kumbukumbu zake: mgomo mkuu wa Januari 1947 ulisimamisha mji, na watoto na wajukuu wa waliogoma ndio leo wako bandarini na viwandani. Mtu akiona kijana mwenye karatasi na saa anamtazama mikono, anawaza kwamba kibarua chake kinatafutiwa sababu.

Kwa hiyo usianze na saa. Anza na salamu. Siku ya kwanza kaa na watu, kunywa nao chai, uulize kazi inafanywaje na nini kinawaudhi. Mwakilishi wa wafanyakazi ajue unachopima, kwa nini, na nani ataisoma ripoti. Mwenye umri wa baba yako mwite mzee au baba, na umwombe akufundishe, maana kweli anajua kuliko wewe. Usiandike majina, andika "Fundi A" na "Fundi B". Ukitaka kupiga video, omba ruhusa ya kampuni na ya mhusika mwenyewe, kwa sababu Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inamlinda. Na ukipata njia iliyo bora, mwonyeshe fundi kabla ya meneja. Mara nyingi atakuonyesha ulichokosa kukiona.

Hatua ya 8: Mradi wa mwaka wa mwisho

Chagua tatizo dogo la mahali unapoweza kufika kwa miguu au kwa matatu moja. Foleni ya dirisha la dawa. Mboga zinazooza Kongowea kati ya lori na meza ya muuzaji. Mpangilio wa karakana ya vyuma ya jua kali, ambapo fundi anatembea mara nyingi kuliko anavyochomelea. Upakiaji wa abiria na magari kwenye feri. Pima hali ilivyo, jenga mfano kwenye kompyuta, hakikisha mfano unatoa namba zinazolingana na ulizopima, ndipo ujaribu mabadiliko. Wanafunzi wengi huiruka hatua ya kulinganisha, na wasimamizi wazuri huwauliza hapohapo.

Unautaka mradi wa bandarini? Omba kibali mapema sana, na uwe na mradi wa pili tayari, kwa kuwa taarifa za bandari hazitolewi ovyo.

Hatua ya 9: Usajili na kazi ya kwanza

Ukimaliza, jisajili EBK kama mhandisi mhitimu. Chini ya Sheria ya Wahandisi ya 2011, haikubaliki kujiita mhandisi kitaaluma bila usajili. Baada ya angalau miaka 3 ya kazi chini ya mhandisi aliyesajiliwa, unaomba kuwa mhandisi wa kitaaluma.

Katika barua za kazi usijifunge kwenye cheo kimoja. Matangazo machache sana yataandika "mhandisi wa viwanda". Tafuta ofisa wa mipango ya uzalishaji, mdhibiti wa ubora, ofisa wa lojistiki, mchambuzi wa shughuli, msimamizi wa ghala. Katika wasifu usiandike "mchapakazi, mwenye nidhamu", kwa kuwa kila mwombaji ameandika hivyo. Andika ulichopima, kilikuwaje kabla na kikawaje baada, kwa namba ulizozitoa mwenyewe kwenye atachimenti na mradi.

Kuanzia mwezi wa kwanza kazini, weka rekodi ya kazi ulizofanya, tarehe zake, na mhandisi aliyekusimamia, naye aisaini kila baada ya miezi 3. Watu huhama kampuni, wengine husafiri, na ukisubiri mpaka mwaka wa tatu utakuta wa kukutilia saini ameshaondoka.